Kabla ya kupanda mlima, jifunze kwa wachunguzi wa nyota

HUENDA wewe ni mmoja wa wale waliojiandikisha pamoja na wenzao wa kazini, wa kanisani au wa chuoni kupanda Mlima Kenya wakati wa likizo. Umenunua viatu vizuri, umeazima koti zito, na kila jioni unakimbia barabarani ili kujenga pumzi. Unajiona uko tayari. Au pengine mlima haukuhusu hata kidogo, lakini wewe ni muuguzi, bawabu au dereva ambaye hukesha kazini na kulala mchana, na unajiuliza kwa nini uchovu hauishi.

Kuna watu ambao kazi yao huyakutanisha mambo haya mawili, yaani kimo cha mlima na kukesha. Hao ni wanafalaki wanaofanya kazi katika vituo vya kuchunguzia nyota vilivyojengwa kwenye vilele vya milima. Kwa miaka mingi wamelazimika kujifunza jinsi mwili unavyokuwa mahali ambapo hewa ni haba. Waliyojifunza yanaweza kuokoa maisha ya mtu anayetoka Nairobi au Mombasa kwenda kuupanda mlima wetu.

Kazi yenyewe

Usimchanganye mwanafalaki na yule mnajimu wa magazetini anayekutabiria mapenzi na pesa kwa kutazama mwezi uliozaliwa. Mwanafalaki ni mtaalamu wa sayansi anayepima mwanga wa nyota ili kujua zimeumbwa kwa nini, ziko umbali gani na zina umri gani.

Katika kila kituo kikubwa huwa kuna wanafalaki wasaidizi. Neno "msaidizi" hapa halimaanishi mtu wa cheo cha chini. Huyu ndiye anayeijua darubini na vifaa vyake kwa undani. Watafiti kutoka vyuo vikuu mbalimbali hupewa usiku mmoja, mbili au tatu za kutumia darubini, na yeye ndiye anayewaandalia mpango wa kazi, anayepima vifaa kabla ya giza kuingia, anayefuatilia hali ya hewa na anayekagua kama picha na vipimo vinavyopatikana ni sahihi. Kando yake hukaa fundi anayeiendesha darubini. Kazi huanza mchana kwa matayarisho na kuendelea hadi alfajiri.

Mojawapo ya vituo maarufu zaidi kiko Mauna Kea, mlima wa volkano katika kisiwa cha Hawaii, jimbo la Marekani lililo katikati ya bahari ya Pasifiki. Kilele chake kina kimo cha mita 4,205. Huko ndiko ziliko darubini mbili za Keck, ambazo kila moja ina kioo chenye upana wa mita 10. Ya kwanza ilianza kufanya uchunguzi mwaka wa 1993 na ya pili mwaka wa 1996.

Utauliza, kwa nini watu wahangaike hadi huko juu? Sababu ni kwamba hewa na mvuke huzuia na kuvuruga mwanga wa nyota. Ukipanda juu ya mawingu, unaiacha sehemu kubwa ya hewa hiyo chini yako na nyota huonekana wazi zaidi. Lakini hewa ile ile inayoisumbua darubini ndiyo inayomweka binadamu hai. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Hewa nyepesi

Wengi hudhani kwamba mlimani oksijeni "imepungua" kwa maana ya kuchujwa kutoka hewani. Sivyo. Ukiwa ufuoni Mombasa au kwenye kilele cha Mlima Kenya, oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa unayovuta. Kinachopungua ni kanieneo, yaani ule uzito wa hewa unaotusukuma kutoka kila upande. Kanieneo ikishuka, kila pumzi unayovuta huwa na hewa kidogo, na hivyo oksijeni kidogo.

Ukilinganisha na Mombasa, kanieneo ya hewa jijini Nairobi, ambako ni karibu mita 1,700 juu ya bahari, ni kama asilimia 82. Kwenye kilele cha Mauna Kea ni kama asilimia 60. Kwa maneno mengine, mfanyakazi wa huko akivuta pumzi moja hupata karibu sehemu tatu tu za oksijeni mahali ambapo mtu wa pwani angepata tano.

Mwili haukai tu ukitazama. Kwanza, unapumua haraka na moyo unapiga mbio ili kuzungusha damu. Kupumua haraka huondoa hewa chafu ya kabonidayoksaidi kwa wingi kupita kawaida, na figo hulazimika kurekebisha damu kwa kutoa chumvi fulani kupitia kwa mkojo. Ndiyo sababu mtu aliyefika mlimani hukojoa mara nyingi. Baadaye, figo huachilia homoni inayouamrisha uboho wa mifupa kutengeneza chembechembe nyingi nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni.

Kazi hii yote inahitaji muda. Kupumua hubadilika mara moja, figo huchukua siku kadhaa, na damu huchukua wiki nyingi. Hakuna dawa, chakula wala mazoezi yanayoweza kulifanya jambo la siku tatu likamilike kwa saa tatu.

Hawaii wanalijua hili vizuri kwa sababu ya barabara yao. Mtu anaweza kutoka ufuoni na kufika kilele cha Mauna Kea kwa gari katika muda wa saa mbili hivi. Gari hufika salama, lakini mwili huwa bado uko njiani.

Ubongo usiojua umekosa nini

Kiungo kinachokula oksijeni kwa wingi kuliko uzito wake ni ubongo. Huo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mtu mzima, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote ya mwili uliopumzika. Kwa hivyo, hewa ikiwa haba ubongo huwa wa kwanza kuyumba.

Mtu huanza kusahau mambo madogo. Hesabu anayoifanya kila siku humchukua muda mrefu. Anasoma sentensi moja mara tatu. Anabonyeza kitufe kisicho chake. Wengine hukasirika bila sababu na wengine hucheka ovyo, kama mtu aliyeonja kileo.

Jambo la hatari zaidi ni hili: yule aliyepungukiwa na oksijeni mara nyingi hajui kwamba amepungukiwa. Ukimwuliza, atakwambia yuko sawa. Ubongo ndio chombo tunachotumia kujipima, na sasa chombo chenyewe kimeharibika. Ni kama kumwuliza mlevi ikiwa amelewa.

Wanafalaki wana mfano mmoja mzuri unaoonyesha jinsi kimo kinavyomdanganya mtu. Chembe zilizo nyuma ya jicho, zile zinazotuwezesha kuona gizani, zinahitaji oksijeni nyingi, na huathirika mapema sana mtu anapopanda. Matokeo yake ni kwamba mgeni akisimama nje usiku kwenye kilele cha Mauna Kea, mara nyingi huona nyota chache kwa macho yake kuliko alivyoziona akiwa mita 2,800, ingawa mbingu ya kileleni ni safi zaidi. Akipewa oksijeni ya chupa kwa dakika chache, nyota ambazo hakuwa anaziona hujitokeza. Kabla ya hapo hakuwa na habari kwamba macho yake yalikuwa na upungufu wowote.

Kanuni hazimwulizi mtu anajisikiaje

Kwa kuwa mfanyakazi hawezi kujiamini, vituo hivi huweka kanuni ambazo hazingoji mtu aseme anaumwa.

Kanuni ya kwanza ni kulala chini ya kilele. Wanafalaki wa Mauna Kea wana mabweni mahali panapoitwa Hale Pohaku, mita 2,800. Huko ndiko wanakokula na kulala, na mtafiti mgeni hufika mapema alale huko kabla ya usiku wake wa kwanza wa kazi. Watalii nao hushauriwa wapumzike hapo angalau nusu saa kabla ya kuendelea. Aliyepiga mbizi baharini kwa mtungi wa hewa huambiwa asipande hadi saa 24 zipite.

Kanuni ya pili ni kuandika. Kazi zote muhimu huwa zimeorodheshwa hatua kwa hatua, hata zile ambazo mfanyakazi amezifanya kwa miaka kumi. Maamuzi magumu hufanywa chini, kabla ya kupanda, wakati akili bado imetulia. Usiku hubaki kuwa wakati wa kufuata mpango.

Kanuni ya tatu ni kutokuwa peke yako. Mwenzako ndiye anayeweza kuona kwamba midomo yako imegeuka rangi, kwamba unapepesuka, au kwamba umerudia swali moja mara nne.

Kanuni ya nne ni kushuka. Mtu akizidiwa hateremshwi kesho asubuhi wala baada ya kazi kumalizika. Anateremshwa mara moja.

Huko Chile, Amerika Kusini, mambo ni makali zaidi. Katika uwanda wa Chajnantor, kiasi cha mita 5,000 juu ya bahari, kuna kituo kiitwacho ALMA kilichozinduliwa mwaka wa 2013. Kina antena 66 zinazopokea mawimbi kutoka angani. Kanieneo ya hewa huko ni zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani. Kwa sababu hiyo chumba cha kuongozea antena hakikuwekwa huko juu. Kiko kwenye kambi ya mita 2,900, na wanafalaki hufanya kazi yao wakiwa hapo. Wanaopanda hadi juu ni wale tu wenye kazi ya lazima, baada ya kupimwa afya, na hubeba oksijeni.

Aidha, mtaalamu wa mapafu John B. West, aliyeshiriki katika utafiti wa miezi mingi kwenye milima ya Himalaya mwaka wa 1960 na 1961, alipendekeza njia nyingine: kuongeza oksijeni ndani ya chumba chenyewe cha kazi. Alieleza kwamba kila asilimia moja ya oksijeni inayoongezwa ni kama kuuteremsha mwili mita 300. Chumba kilicho mita 5,000, oksijeni ikipandishwa kutoka asilimia 21 hadi 27, huwa kama kiko mita 3,200. Njia hiyo imetumika Chajnantor.

Siku hizi watafiti wengi wa Mauna Kea pia huendesha kazi yao kupitia mitambo ya mawasiliano wakiwa mjini, chini ya mlima. Sababu mojawapo ni hiyo hiyo: akili hufanya kazi vizuri zaidi inapopata hewa ya kutosha.

Saa ya mwili

Tuje sasa kwa wewe unayefanya kazi usiku mjini. Hata pasipo mlima, mwanafalaki ana tatizo ambalo unalijua vizuri. Ndani ya ubongo kuna saa inayofuata mwanga wa jua. Giza likiingia, saa hii huamrisha homoni ya melatonini itolewe, joto la mwili hushuka na mtu husinzia. Kukipambazuka mambo hugeuka. Anayekesha hupigana na saa hiyo mara mbili: usiku anapojilazimisha kukaa macho, na mchana anapojilazimisha kulala.

Usingizi wa mchana kwa kawaida huwa mfupi na mwepesi. Deni hujikusanya siku baada ya siku. Mwaka wa 2007 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani, na mwaka wa 2019 likasisitiza uamuzi huo. Hii haimaanishi kwamba kila anayekesha atapata saratani. Maana yake ni kwamba usingizi si jambo la kupuuzwa.

Wanafalaki hulala katika vyumba vyenye mapazia mazito yasiyopenyeza mwanga, na katika mabweni yao kupiga kelele mchana ni mwiko. Wewe pia unaweza kuiga. Funika dirisha kwa kitambaa kizito cheusi. Waeleze watu wa nyumbani kwamba saa tatu asubuhi kwako ni usiku wa manane, na uzime simu. Kunywa kahawa au chai mwanzoni mwa zamu, si mwishoni. Jaribu kulala saa zile zile kila siku ya kazi. Zaidi ya yote, tahadhari na safari ya kurudi nyumbani. Mtu aliyekesha akishika usukani alfajiri huweza kusinzia kwa nukta chache tu, na nukta hizo zinatosha kuua. Ikiwezekana, panda matatu.

Mlima wetu

Linganisha sasa vimo hivi na vya nyumbani. Kambi ya Mackinder, ambako wengi hulala kabla ya kupanda kileleni kwa njia ya Naro Moru, iko karibu mita 4,200. Hiyo ni sawa na kilele cha Mauna Kea. Kilele cha Lenana, ambacho ndicho watalii na wanafunzi wengi hukilenga, kina mita 4,985. Hicho ni sawa na Chajnantor. Kwa hivyo, mahali ambapo wanafalaki wa Hawaii hukataa kulala, sisi hupiga kambi. Na mahali ambapo watu wa Chile hawapandi bila kupimwa na bila oksijeni, sisi hupanda kwa nyimbo na kupiga picha.

Chukua mfano wa safari ya siku tatu inayopendwa na wengi. Siku ya kwanza kundi hutoka Nairobi na kulala katika kituo cha hali ya hewa, kama mita 3,050. Siku ya pili hutembea hadi Mackinder, mita 4,200. Saa nane au tisa za usiku unaofuata huamka na kuanza kukipanda kilele cha Lenana gizani, ili kuwahi jua likichomoza. Katika siku moja mtu ameongeza zaidi ya mita 1,100 za kimo cha kulala. Lakini ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za kimo cha kulala kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima bila kupanda.

Kuishi Nairobi kunasaidia kidogo tu, na wala hakutoshi kwa mita 4,000. Isitoshe, nguvu za misuli hazimkingi mtu na ugonjwa wa mlimani. Kijana mchezaji wa raga anaweza kuzidiwa huku mama wa miaka hamsini akiendelea taratibu. Mara nyingi wenye nguvu ndio huumia, kwa sababu wao huweza kwenda mbio. Wapagazi nao ni binadamu. Asidhani mtu kwamba kwa kuwa amezaliwa karibu na mlima hawezi kuugua.

Dalili

Ugonjwa wa mlimani huweza kumpata mtu akipita mita 2,500 hivi, na dalili huanza saa chache baada ya kufika, mara nyingi usiku wa kwanza. Dalili kuu ni kuumwa na kichwa, pamoja na kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya kula, uchovu mkubwa na kizunguzungu. Ukiona hivyo, usipande zaidi. Pumzika pale pale, kunywa maji, na dalili zikiisha unaweza kuendelea. Zikizidi, shuka.

Kuna hali mbili ambazo ni za kufa na kupona. Ya kwanza ni mapafu kujaa maji. Mgonjwa hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa, kifua hukoroma na midomo hugeuka rangi. Baadaye huweza kutoa povu lenye damu. Wengine hudhani ni homa ya mapafu tu na kumwacha alale. Wasipoamka naye, huwa wamechelewa.

Ya pili ni ubongo kuvimba. Mgonjwa huchanganyikiwa, huongea maneno yasiyoeleweka na hutembea kama mlevi. Njia rahisi ya kumpima ni kumwambia atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, usibishane naye. Kumbuka kwamba yeye mwenyewe atakwambia hana neno.

Kwa hali hizi mbili tiba ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku na kuna mvua, akiwa ameshikwa na mtu. Oksijeni na dawa husaidia, lakini haziwezi kuchukua mahali pa kushuka. Mara nyingi kuteremka mita 500 hadi 1,000 huleta nafuu kubwa. Usimwache mgonjwa peke yake hemani ati mtampitia mkirudi.

Mambo ya kuzingatia

Chagua safari ya siku tano badala ya tatu. Utalipa zaidi, lakini utafika ukiwa na akili zako. Kunywa maji ya kutosha, kwa maana hewa ya mlimani ni kavu na pumzi za haraka huyatoa maji mwilini. Jiepushe na pombe na dawa za usingizi, kwa sababu hupunguza kasi ya kupumua wakati unapoihitaji zaidi.

Usistaajabu usiku ukimsikia mwenzako akipumua kwa nguvu, kisha akinyamaza kwa sekunde kadhaa kabla ya kuanza tena. Hali hiyo huwapata wengi mlimani na peke yake si hatari. Kilicho hatari ni kuingiza jiko la makaa au la gesi ndani ya hema ili kupata joto. Moshi usioonekana wa kaboni monoksaidi huizuia damu kubeba oksijeni, na hapo mtu huwa amepungukiwa mara mbili.

Jikinge na jua pia, hata kukiwa na baridi. Miale inayochoma ngozi na macho huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Vaa miwani ya jua na kofia.

Kuna dawa iitwayo asetazolamaidi ambayo huusaidia mwili kuzoea kimo. Usiinunue dukani na kujipimia mwenyewe. Haiwafai watu wote, wakiwemo baadhi ya wale wanaodhurika na dawa za salfa. Zungumza na daktari kabla ya safari.

Vile vile, mwone daktari kwanza ikiwa wewe ni mjamzito, au una ugonjwa wa moyo, mapafu, pumu isiyodhibitiwa au shinikizo la juu la damu. Wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, wako katika hatari kubwa. Upungufu wa oksijeni hufanya chembechembe zao za damu zijikunje na kuziba mishipa, na jambo hilo huweza kuleta maumivu makali na hata kifo. Hata mtu aliyerithi selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haumwi, amewahi kupatikana na madhara ya bandama akiwa kwenye kimo kirefu. Ikiwa katika ukoo wenu kuna ugonjwa huu na hujawahi kupimwa, pimwa kabla ya kulipia safari.

Amueni mkiwa chini

Pengine funzo kubwa la wanafalaki ni hili la kuamua mapema. Kabla hamjaondoka, kaeni pamoja kama kundi na mkubaliane: nani atamwangalia nani, nani atashuka na mgonjwa, na ni dalili zipi zitakazomfanya mtu arudi bila mjadala. Yaandikeni. Mkifika mita 4,500 usiku wa manane, baridi ikiuma na kilele kikionekana karibu, hamtakuwa na akili ya kuyaamua. Kila mmoja atasema yuko sawa, na anayeumwa ndiye atakayesema kwa sauti kubwa zaidi.

Waelekezaji wa mlimani huwaambia wageni neno moja tu asubuhi hadi jioni: pole pole. Wengi hulicheka neno hilo wakidhani ni la wazee na wavivu. Lakini katika vituo vya nyota, watu wenye shahada kubwa na mashine za mamilioni hulala chini ya kilele kabla ya kupanda, kwa sababu wanajua elimu yao haiwezi kuziharakisha figo. Haraka haraka haina baraka. Mlima utakuwepo mwakani. La muhimu ni wewe pia uwepo.